Kufufua sinema ya zamani: patano kwanza, paa baadaye

Katika miji mingi ya Kongo na ya Afrika Mashariki kuna jengo moja kubwa ambalo kila mzee analijua kwa jina, lakini hakuna anayeingia humo tena. Milango imeng'olewa, viti vimeibwa, popo wanalala juu, na mvua inapita kwenye mabati. Ukiuliza, utaambiwa: "Hapo palikuwa sinema." Kisha mzee ataanza kucheka peke yake, akikumbuka siku alipopita chini ya mikono ya mlinzi ili aingie bila tiketi.

Siku moja watu wa mtaa wanasema: tulifufue. Ni wazo jema. Mahali pa kukutana usiku, penye taa na vicheko, panaweza kurudisha uhai katika mtaa uliochoka. Lakini jengo kama hilo linaweza pia kuleta ugomvi mpya juu ya ugomvi wa zamani. Makala hii inaeleza jinsi ya kufufua ukumbi wa sinema bila kuvunja amani. Tumeiandika tukifikiria hasa familia zilizohama makwao na viongozi wa Kamatanda, hapa Likasi, lakini inaweza kusaidia popote ambapo wenyeji na wageni wanaishi pamoja.

Neno letu kuu ni hili: kabla ya kutengeneza paa, tengenezeni patano. Mahali patano lilipokosekana, hata paa zuri halikudumu.

Kwa nini mitaa yetu ilinyamaza

Likasi iliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Ni mji uliozaliwa kwa shaba. Union Minière ilijenga viwanda, kambi za wafanyakazi, shule, hospitali, na pia sehemu za starehe. Baada yake ikaja Gécamines. Mwaka 1986 kampuni hiyo ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufikia hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Mshahara ulipokwisha, mambo mengi mengine yalikwisha pamoja nao. Kamatanda, kama mitaa mingine yenye madini, ikawa mahali pa wachimbaji wa mikono, watu wanaokuja na kuondoka kufuata udongo mzuri.

Lakini umaskini peke yake haukutosha kunyamazisha mitaa. Woga pia ulichangia. Tangu mwaka 1992 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka nyumba zao katika miji ya Katanga. Hapa Likasi maelfu yao walikusanyika kwenye stesheni ya treni na katika shule, wakilala chini kwa majuma na miezi wakingoja gari la moshi. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Baadaye, hasa mwaka 2005 na 2006, na tena kuanzia 2012, vita vya vikundi vya Mai-Mai upande wa Mitwaba, Manono na Pweto viliwafukuza watu wengine maelfu kutoka vijiji vyao.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kufufua mtaa, hatuzungumzi juu ya rangi na saruji tu. Tunazungumza juu ya watu ambao baadhi yao waliwahi kufukuzwa, na wengine waliwahi kutazama majirani wakifukuzwa. Watu hao wataketi safu moja katika giza la ukumbi. Wataweza kuketi hivyo kama wanaaminiana.

Kazi ya ukumbi katika mtaa

Vijana wanaweza kuuliza: kwa nini ukumbi, wakati kila mtu anaweza kutazama filamu kwenye simu? Jibu ni kwamba simu inatazamwa na mtu mmoja au wawili. Ukumbi unakusanya watu mia tatu ambao hawakualikana. Wanacheka pamoja, wanaogopa pamoja, na wakitoka nje wanabishana juu ya jambo ambalo si kabila wala siasa. Nje ya mlango mama anauza karanga, kijana anatengeneza pikipiki, taa inawaka na njia inakuwa na watu. Mahali penye watu usiku, mwizi hapapendi.

Tuseme ukweli pia. Ukumbi wa zamani haukuwa wa wote. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, sinema za Wazungu na sinema za Waafrika hazikuwa mahali pamoja, na filamu walizoruhusiwa kutazama Waafrika zilichaguliwa kwanza na serikali na wamisioni. Mzee mmoja anaweza kuupenda ukumbi kwa sababu ya filamu za ng'ombe na bunduki alizozipenda ujanani, na mzee mwingine akaukumbuka kama mlango aliozuiwa. Wote wawili wasikilizwe. Kufufua ukumbi si lazima kurudisha mambo yote ya zamani. Tunaweza kurudisha jengo na kuacha ubaguzi.

Mafunzo kutoka Unguja, Jenin na Mogadishu

Wengine wametutangulia katika kazi hii. Tuangalie mahali patatu.

Unguja, Zanzibar. Katika eneo la Vuga, Mji Mkongwe, kuna sinema inayoitwa Majestic. Ukumbi wa kwanza mahali hapo uliitwa Royal. Ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ukaungua moto miaka ya 1950, na ukajengwa upya mwaka 1955. Watu wa Unguja walivaa nguo zao nzuri kwenda kutazama filamu za Kihindi na za Kimisri, na yalikuwepo maonyesho maalumu ya wanawake, ili mama na binti wasibaki nyumbani. Ilipofika miaka ya 1980 na 1990, video ziliingia katika nyumba, fedha za kutunza majumba zikapungua, na sinema zikafungwa moja baada ya nyingine. Paa la ukumbi wa Majestic lilianguka. Shirika la Hifadhi Zanzibar, pamoja na wasanifu majengo na watu wa filamu, limefanya kazi kwa miaka mingi ili jengo liokolewe. Hapo tunajifunza kwamba mapenzi ya watu yanaweza kulilinda jengo lisisahauliwe, lakini mapenzi peke yake hayanunui mabati. Jambo la pili ni kwamba watu wa filamu wa Zanzibar hawakukaa kungoja jengo. Tamasha la filamu la nchi za jahazi, linaloitwa ZIFF, lilianza mwaka 1998, na maonyesho yake makubwa yamefanyika nje, ndani ya kuta za Ngome Kongwe, chini ya nyota.

Jenin, Palestina. Sinema ya mji wa Jenin ilifungwa mwaka 1987 wakati wa machafuko. Ikakaa miaka zaidi ya 20 bila kazi. Ndipo mtengeneza filamu Mjerumani, Marcus Vetter, alipofika mjini humo na kushirikiana na wenyeji. Mmoja wao alikuwa Ismael Khatib, baba ambaye mtoto wake aliuawa na askari wa Israeli mwaka 2005, naye akakubali viungo vya mtoto vipewe wagonjwa katika Israeli. Watu wa kujitolea walikuja kutoka nchi nyingi, na serikali ya Ujerumani ikasaidia. Mwezi wa Agosti 2010 sinema ilifunguliwa kwa sherehe kubwa. Magazeti ya dunia yote yaliandika. Lakini jengo lilikuwa mali ya watu binafsi, na watazamaji hawakutosha kulipa gharama. Jengo likauzwa, na mwishoni mwa mwaka 2016 likabomolewa ili mahali pake pajengwe jumba la biashara. Kazi ya wajitoleaji wengi ikawa kifusi. Somo ni chungu: kama hamna haki ya kudumu juu ya jengo, mnatengeneza nyumba ya mtu mwingine.

Mogadishu, Somalia. Jumba la Taifa la Tamthilia lilijengwa na mafundi wa China mwaka 1967, likawa zawadi kwa Somalia. Baada ya serikali kuanguka mwaka 1991, vikundi vya wapiganaji walilitumia kama kambi. Mwezi wa Machi 2012 likafunguliwa tena. Majuma mawili baadaye, tarehe 4 Aprili 2012, mlipuaji wa kujitoa mhanga aliua watu humo, na kati yao walikuwa mkuu wa kamati ya Olimpiki na mkuu wa chama cha mpira cha Somalia. Wasomali hawakukata tamaa. Tarehe 22 Septemba 2021 filamu ilionyeshwa tena katika jumba hilo, mara ya kwanza kwa miaka 30, na filamu zilikuwa za mtengeneza filamu Msomali. Tunawaheshimu kwa ujasiri wao. Lakini tiketi ilikuwa dola 10, na kwa watu wengi wa mji huo bei hiyo ilikuwa juu mno.

Nani yumo ndani leo?

Mogadishu inatufundisha jambo lingine, na kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote. Wakati wa vita, familia zilizokimbia zilihamia katika majengo ya serikali yaliyoachwa. Walitundika mapazia, wakajenga majiko, wakazaa watoto humo. Mji ulipoanza kupona, serikali na wenye majengo waliyataka. Tangu mwaka 2012 mashirika ya haki za binadamu yameandika juu ya maelfu ya wakimbizi wa ndani waliofukuzwa kutoka majengo na viwanja vya Mogadishu. Wengi walipewa muda mfupi sana, na wengine hawakupewa mahali pengine pa kwenda. Amani ya mji ikawa kwao mwanzo wa kukimbia tena.

Jambo hili linaweza kutokea popote. Jengo kubwa lililoachwa mara nyingi si tupu. Inawezekana kuna mjane na watoto wanne nyuma ya kitambaa cha sinema. Inawezekana wachimbaji vijana wanalala kwenye roshani. Wakati mwingine watu wa mtaa wanasema "hakuna mtu pale, ni wahuni tu." Mkisikia neno hilo, nendeni mkaangalie wenyewe, mchana, na kwa heshima.

Kabla ya mpango wowote, fanyeni haya:

- Hesabuni familia zilizomo. Andikeni ni watu wangapi, watoto wangapi, wazee na wagonjwa wangapi, na wamekaa muda gani. Orodha hiyo isipelekwe mahali popote ambapo inaweza kuwadhuru.
- Waulizeni wanataka nini. Wengine wangependa kuhama kama wangepata chumba kwingine. Wengine wanaogopa kurudi walikotoka.
- Wawe na wajumbe wao katika kamati tangu mkutano wa kwanza, wasisubiri mambo yaamuliwe kwanza.
- Kazi isianze mpaka kila familia imepata mahali pengine pa kuishi panapofaa, na imekubali yenyewe. Pesa za kuwahamisha ziwekwe katika hesabu ya ujenzi, kama vile saruji na misumari.
- Kazi za mshahara zitakazopatikana, kama ulinzi, ufundi na usafi, wafikiriwe wao pia.

Kiongozi anaweza kusema kwamba hayo yanachelewesha kazi. Ni kweli, yanachelewesha. Lakini ukumbi wa amani unaofunguliwa kwa kufukuza mjane hauwezi kuitwa ukumbi wa amani. Na walio nje ya mlango watakumbuka.

Jengo ni la nani?

Swali la pili ni la mwenye mali. Katika Kongo, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Taifa. Mtu au chama hupewa haki ya kuitumia, na ushahidi wa haki hiyo ni sertifika ya usajili inayotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Barua ya chifu, risiti ya mauzo, au neno la mzee ni vitu vyenye thamani, lakini havitoshi mbele ya sheria.

Kwa majengo ya biashara ya zamani, jambo hili lina fundo. Wengi waliyoyajenga walikuwa wageni. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zichukuliwe na Wazairi. Baada ya miaka michache baadhi ya mali zilirudishwa kwa waliokuwa nazo, nyingine hazikurudishwa, na nyingine zilipita mikononi mwa watu watatu au wanne bila karatasi kubadilishwa. Majengo ya kampuni kubwa nayo yana historia yake. Kwa hiyo msishangae mkikuta watu wawili, kila mmoja na karatasi yake.

Nendeni polepole. Ulizeni kwanza kwenye ofisi ya hati za ardhi na kwa viongozi wa komini. Kama mwenye mali anajulikana, fanyeni naye mkataba wa maandishi wa miaka mingi, na muandike wazi: nani atalipa nini, na kama atauza, mtafanyaje. Kumbukeni Jenin. Mkataba wa miaka mitatu hautoshi kwa paa la miaka thelathini. Kama mali ni ya serikali au ya kampuni, ombeni ruhusa iliyotiwa sahihi na mhuri, kwa sababu kiongozi aliyewaahidi kwa mdomo anaweza kuhamishwa kesho.

Ili mweze kutia sahihi kama kikundi, mnahitaji chama kinachotambuliwa. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayoongoza vyama visivyotafuta faida, vile tunavyoita ASBL. Kupata karatasi zote kunachukua muda. Anzeni mapema.

Kamati inayoaminika

Kamati ya ukumbi isiwe ya kabila moja, dini moja au chama kimoja cha siasa. Iwe na wenyeji na waliohama, wanawake na wanaume, wazee na vijana. Watu tisa au kumi na mmoja wanatosha. Mtunza fedha na mwenyekiti wasitoke katika familia moja. Hesabu zibandikwe mlangoni kila mwezi, kwa herufi kubwa, na zisomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Andikeni patano la ukurasa mmoja. Liseme:

- Ukumbi uko wazi kwa kila mtu, bila kuuliza ametoka wapi.
- Hakuna mkutano wa siasa wa kuchochea chuki ndani yake.
- Hakuna silaha, wala pombe.
- Ugomvi ukitokea, nani atauamua kabla haujafika polisi.
- Kamati itabadilishwa lini, na kwa njia gani.

Patano hilo lisomwe mbele ya watu wote, katika lugha zinazosemwa mtaani: Kiswahili, Kisanga, Kiluba cha Katanga, Tshiluba na nyinginezo. Mtu anayesikia ahadi katika lugha ya mama yake anajua kwamba ametajwa.

Anzeni na kitambaa cheupe

Msingoje jengo. Mwaka 1999, wakati wa vita vya Kosovo, shirika la FilmAid lilianza kuonyesha filamu katika kambi za wakimbizi. Tangu mwaka 2001 likafanya hivyo katika kambi ya Kakuma, Kenya: skrini kubwa, mashine, na watu wameketi chini. Baadaye vijana wakimbizi walifundishwa kutengeneza filamu zao wenyewe. Huko Goma, kituo cha Yole!Africa kimefundisha vijana kazi ya filamu na kuandaa tamasha la filamu katika mji uliozoea sauti za bunduki. Lubumbashi, jirani yetu, ina wasanii wa Picha, ambao tangu mwaka 2008 wamekuwa wakileta picha na filamu mbele ya watu wa kawaida.

Ninyi mnaweza kuanza na shuka nyeupe zilizoshonwa pamoja, mashine ya kuonyesha ya kukodi, spika mbili na jenereta. Onyesheni mara moja kwa mwezi kwenye uwanja wa shule au wa kanisa. Baada ya miezi sita mtajua mambo ambayo hakuna mhandisi anayeweza kuwaambia: watu wangapi wanakuja, je, wanawake wanafika salama nyumbani, makundi gani hayaketi pamoja, na nani hajawahi kuonekana. Kama hamuwezi kuelewana kwenye uwanja, ukuta hautawaelewanisha.

Chagueni filamu kwa uangalifu. Filamu inayoonyesha kabila fulani kama adui isionyeshwe. Filamu ya vita inaweza kumrudisha mtu aliyekimbia katika usiku ule aliokimbia, kwa hiyo waambieni watu mapema ina nini ndani yake. Vichekesho, hadithi za familia na filamu za Kiafrika zinafaa sana mwanzoni. Kama lugha ni ngumu, tumieni mfasiri anayeeleza kwa kipaza sauti, kama wafanyavyo katika vibanda vya video vya Kampala na Dar es Salaam. Mfasiri mzuri anachekesha kuliko filamu yenyewe. Mkimaliza, wapeni watu nusu saa ya kuzungumza, lakini msiwahubirie. Aliyekuja kucheka na aachwe acheke.

Usalama wa jengo

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu la Zanzibar, ilianguka wakati linatengenezwa, na watu wawili walikufa. Jengo la zamani halisamehi haraka. Zingatieni haya:

- Mtu asipande juu ya paa au roshani kabla fundi mwenye ujuzi wa majengo hajaangalia kuta, nguzo na mbao. Mchwa hula mbao kwa ndani, na nje zinaonekana nzima.
- Paa nyingi za zamani ni za saruji iliyochanganywa na asbesto, ile tunayoita eterniti. Vumbi lake linaharibu mapafu na linaleta kansa baada ya miaka mingi. Msiivunje, msiikate kwa msumeno, msiichome, wala msiwape watoto waibebe. Tafuteni ushauri wa wataalamu kabla ya kuigusa.
- Kinyesi cha popo kikavu kina vimelea vinavyoleta ugonjwa. Kilowesheni maji kabla ya kufagia, na vaeni barakoa na glavu.
- Filamu za zamani sana katika mikebe zinaweza kuwaka moto kwa urahisi. Msizipashe joto wala kuvuta sigara karibu nazo. Zinaweza pia kuwa kumbukumbu ya nchi, kwa hiyo msizitupe. Waulizeni watu wa makumbusho ya Lubumbashi.
- Nyaya za zamani za umeme zing'olewe zote. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake unaua bila harufu kali.
- Iwepo milango miwili ya kutokea au zaidi, inayofunguka kwa nje, na isifungwe kwa kufuli wakati watu wamo ndani.

Fedha: nani atalipa mwaka wa tano?

Wafadhili wanapenda siku ya ufunguzi. Wanakata utepe, wanapiga picha. Lakini mwaka wa tano, balbu inapoungua na paa linapovuja, mara nyingi hawapo. Kwa hiyo, kabla ya kupokea msaada, fanyeni hesabu ya mwezi mmoja wa kawaida: mafuta ya jenereta au umeme, mlinzi, usafi, matengenezo. Jiulizeni fedha hizo zitatoka wapi.

Filamu peke yake haitoshi kulipa. Ukumbi unaweza kuwa na kazi nyingi: harusi, kwaya, mikutano ya wazazi, masomo ya watu wazima, michezo ya kuigiza, mechi za mpira kwenye skrini. Lile jumba la tamthilia lililojengwa Lubumbashi miaka ya 1950, ambalo leo linaitwa Jengo la Tarehe 30 Juni, lilikuja kuwa makao ya bunge la mkoa. Vibanda viwili vya duka mbele ya ukumbi vinaweza kulipa mlinzi kila mwezi.

Kiingilio kiwe cha faranga chache, ambazo mchimbaji na muuza unga wanaweza kutoa. Siku moja kwa juma iwe bure kwa watoto. Siku moja iwe ya wanawake, kama zamani kule Unguja, kama wenyewe watataka. Mkiweka bei ya matajiri, mmejenga tena ule mlango wa zamani, na safari hii mlinzi wake ni ninyi.

Neno la mwisho

Hatuwaahidi kwamba sinema itamaliza chuki. Waliofukuzwa wanahitaji ukweli, haki na mahali pa kuishi, na kitambaa cheupe hakiwezi kuwapa hayo. Lakini mtaa unaoweza kukubaliana juu ya jengo moja, yaani nani ataondoka humo na vipi, nani atashika ufunguo na nani ataingia, umejifunza kukubaliana. Siku nyingine watakapohitaji kukubaliana juu ya kisima, au shamba, au mtoto aliyeumizwa, watakuwa wameshajua njia.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Anzeni na shuka mbili nyeupe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni jengo gani kubwa limeachwa? Nani anaishi ndani yake leo? Je, tumewahi kuzungumza nao?

2. Wazee wanakumbuka nini juu ya mahali hapo? Nani aliruhusiwa kuingia, na nani alizuiwa?

3. Kama familia zilizohama zingeongoza kamati, zingechagua kutengeneza nini kwanza?

4. Ni makundi gani mtaani kwetu hayaketi pamoja? Ni filamu au mchezo gani ungeweza kuwachekesha wote?

5. Baada ya miaka mitano, bila msaada kutoka nje, nani atanunua balbu?